Kofia ya Manyoya ya Kanga

Haya, mikono iendelee kumenya karanga, lakini masikio nileteeni mimi. Atakayenikatiza kabla sijafika mwisho atamenya na fungu langu.

Hapo zamani, tena si zamani ya kutisha, maana waliokuwepo bado wanabishana mpaka leo, palikuwa na kijiji kiitwacho Ilolambula, kwenye mbuga za Usukuma. Watu wake walikuwa wacheza ngoma. Walilima, ndiyo. Walifuga, ndiyo. Lakini ukimwuliza mtu wa Ilolambula yeye ni nani, hakutajii shamba wala ng'ombe. Anakuambia, "Sisi ndio wenye kofia."

Kofia yenyewe ilishonwa kwa manyoya ya kanga. Kanga ndege, yule mweusi mwenye madoa meupe, anayekimbia kama mama aliyesahau chungu motoni. Kila mwaka baada ya mavuno kofia ilishonwa upya, na aliyeivaa ndiye aliyetangulia kuingia uwanjani siku ya mashindano. Sharti lilikuwa moja. Manyoya yawe yale ambayo kanga ameyaangusha mwenyewe, pale anapojigaragaza vumbini. Ya kung'oa, hapana. Ya ndege aliyeuawa, hapana kabisa. Wazee walisema kofia ya manyoya ya kunyang'anya humlemea mchezaji shingo, nami nilipokuwa mdogo niliamini, na sasa nimekuwa mkubwa bado naamini.

Siku zile sharti hilo halikumsumbua mtu. Vichaka vilikuwa tele, migunga ilikuwa tele, kanga walikuwa tele. Ukitoka asubuhi na kikapu, hata jua halijakuchoma mgongo umerudi nacho kimejaa manyoya.

Kisha ikaja pamba.

Watu wakaionja pamba, wakaona tamu. Wakakata kichaka cha mashariki, wakapanda pamba. Wakakata kichaka cha magharibi, wakapanda mtama. Wakakata migunga ya katikati, kwa sababu ilikuwa katikati. Wakasawazisha hata vichuguu. Siwalaumu, msinitazame hivyo. Watu walitaka bati juu ya nyumba, na bati walilipata. Ukisimama mlimani uliona mapaa yanang'aa kote, ukafumba macho.

Lakini ndege hawaezeki kwa bati. Hondohondo, anayetaga ndani ya matundu ya miti mikongwe, akatafuta mti wake, akakuta kisiki. Akaondoka. Kipanga akatafuta tawi la juu la kuwachungulia panya, akakuta hewa tupu. Akaondoka. Kanga nao, ambao mchana kutwa hutembea chini lakini jua likizama lazima wapande mti, wakautafuta mti. Wakazunguka, wakazunguka, wakalala chini. Mbweha wakashukuru. Waliobaki wakaondoka.

Na mkidhani anga ilibaki tupu, mnakosea. Alikuja kwelea! Alikuja na ndugu zake, na mashemeji zake, na majirani wa mashemeji zake. Alikuta mtama umetandazwa mpaka upeo wa macho, na hakuna kipanga wa kumwuliza unakwenda wapi. Watu wa Ilolambula wakaanza kupiga madebe mashambani toka alfajiri mpaka jioni, na jioni mikono ilikuwa haina nguvu ya kupiga ngoma.

Basi mwaka mmoja mavuno yakaisha, mashindano yakakaribia, watu wakatoka na vikapu. Hawakupata hata unyoya mmoja.

Aliyekuwa avae kofia mwaka ule ni kijana aitwaye Luhende. Miguu ya Luhende, jamani! Alikuwa akiruka mtu anajiuliza kama atarudi chini. Lakini Luhende alikuwa na kiburi cha mchezaji, hakutaka kuingia uwanjani kichwa wazi. Akamkamata kuku wa mama yake, kuku mweusi tii, akamchuna mkia. Akakoroga chokaa, akachovya kijiti, akayatia manyoya madoa meupe, doa moja moja kwa uvumilivu. Akashona kofia. Ukiitazama kwa mbali, ungeapa ni kanga.

Sasa mnajua mashindano yetu yanavyokwenda. Vikundi viwili vinacheza wakati mmoja, kimoja upande huu, kingine upande ule, na watazamaji wako huru kwenda wanakotaka. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Wapinzani wa Ilolambula walikuwa Bukangala, watu wenye midomo.

Luhende akaingia. Akaruka. Watu wakapiga kelele, wakaanza kuja upande wake. Akaruka tena. Jua lilikuwa kali, jasho likatoka, na jasho na chokaa vikakutana. Madoa yakaanza kuhama. Yakatoka kwenye manyoya, yakapita kwenye paji la uso, yakatua mashavuni. Kofia ikawa ya kuku, na Luhende akawa kanga!

Manju wa Bukangala, yaani mtunzi na mwimbishaji wao, akaliona. Akanyamazisha ngoma yake, akaimba:

"Ilolambula, mmetuletea kanga gani?
Mbona huyu anataga bandani?"

Watu wote wakakimbilia upande wa Ilolambula ili wamwone vizuri. Wote! Bukangala wakabaki na mbuzi mmoja na mzee aliyesinzia. Kwa sheria ya mashindano, Ilolambula walikuwa wameshinda. Lakini manju wa Ilolambula, mama mmoja aitwaye Nkwimba, aliweka ngoma chini akasema, "Ushindi wa kuchekwa siutaki. Wapeni hao Bukangala."

Toka siku ile Luhende hakucheza tena. Akipita njiani, watoto walikuwa wanamwikia. Mtu mzima, ana mke, anawikiwa. Mimi lilinichoma moyo, na nakiri pia nilicheka.

Nkwimba akawaita watu wote uwanjani. Akasema, "Kuanzia leo hakuna kofia. Atakayewarudisha kanga Ilolambula, huyo ndiye atakayevaa kofia siku itakaposhonwa tena. Awe anajua kucheza, awe hajui kuinua mguu, ataivaa yeye na atatutangulia sote. Nimesema."

Wa kwanza kusikia vizuri alikuwa mjane aitwaye Holo. Marehemu mumewe aliwahi kuvaa kofia ya kweli ujanani, na akiwa nayo kichwani ndipo Holo alipompenda. Hilo alinisimulia mwenyewe, akicheka huku anafuta macho. Holo alikuwa na shamba kubwa la pamba, kutoka nyuma ya nyumba yake mpaka kwenye lambo la maji. Mvua zilipokaribia, watu wakatoka na majembe. Holo akatoka na miiba. Akaizungushia ardhi yake yote, akatangaza kuwa ni ngitili. Ngitili ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua, hayalimwi wala hayalishwi mpaka kiangazi. Babu zetu walikuwa nazo, sisi tulikuwa tumezisahau.

Shemeji yake akaja mbio. "Shemeji, ardhi yote hii unaiacha ilale?"

"Haijalala, shemeji. Inafanya kazi."

"Kazi gani? Mimi naona majani."

"Hiyo hiyo."

Majirani nao wakaja. "Mayu Holo," wakamwambia, maana mayu ndiyo mama kwetu, "kichaka chako kitawaficha kwelea!"

"Kwelea mnao tayari," akajibu, "na kichaka hamna. Sasa hivi wanajificha wapi?"

Wakaondoka wakinung'unika. Wenzake wakapata mabati, Holo akaezeka upya kwa majani ya ngitili yake. Wenzake wakanunua khanga mpya, Holo akatia kiraka. Majani yakaota, yakapita magoti, yakapita kiuno, yakafika mabegani. Kanga hawakuja.

Hapo akapita Masunga, mfugaji wa ng'ombe wengi na maneno machache. Akasimama, akatazama, akacheka.

"Mayu, humo kanga ataona nini? Hata miguu yake hataiona. Kiangazi kikifika niruhusu niingize ng'ombe."

"Kiangazi, sawa," akasema Holo. "Mvua ikidondoka, watoke."

"Watatoka."

Ng'ombe wa Masunga walikuwa wametoka malishoni mbali, kule ambako migunga bado ipo, na matumbo yao yalikuwa yamejaa maganda ya migunga na mbegu zake. Wakaingia ngitili. Wakala majani yakashuka. Na walipokula wakafanya na ile kazi nyingine ambayo ng'ombe hufanya, nyie mnaijua, msijifanye wastaarabu. Mvua ziliponyesha, kila palipokuwa na samadi pakachomoza mche wa mgunga, na chini ya samadi wadudu wakajaa.

Masunga akatimiza ahadi. Ngitili ilikuwa kijani kibichi kando ya zizi lake, ng'ombe wakiililia, naye akawaswaga mbali, juani, mwaka hadi mwaka, ili miche isikanyagwe. Hakuna mtu aliyemshika mkono. Angeweza kuingiza hata ndama mmoja kwa siri. Hakuingiza.

Migunga ikakua. Kwanza ikafika kiunoni, halafu ikampita mtu kimo. Siku moja kipanga akaja, akakaa juu, akatazama chini kama mwenye nyumba aliyetoka safari. Makundi ya kwelea yaliyokuwa yanashuka kando ya lambo yakaanza kukaa kwa wasiwasi. Lakini kanga hawakuja. Mahali pao palikuwa tayari, ila hakuna aliyekwenda kuwaambia.

Basi Luhende akaamka. Akafunga safari kwenda kwa wakwe zake, mbali sana, kwenye vichaka visivyoguswa, akaomba mayai ya kanga wa porini. Wakwe wakamwambia, "Baba, umekosa mayai ya kuku kwenu?" Akameza hilo pia. Akayapanga mayai kwenye kibuyu, akayazungushia pamba yasivunjike. Pamba ile ile! Akarudi kwa miguu, hatua fupi fupi. Yule mtu wa kuruka juu, sasa alitembea kama amebeba mtoto mchanga.

Akamtafuta kuku wa kutamia. Akampata mmoja mweusi tii, wa ukoo ule ule wa yule aliyemchuna mkia. Akapiga magoti mbele ya banda, akasema, "Mama, nisamehe ya bibi yako." Kuku akatamia. Mayai yakaanguliwa. Luhende akawapeleka kuku na vifaranga ndani ya ngitili, akajenga kibanda, akahamia huko kuwalinda na mbweha. Vifaranga wakala wadudu wa kwenye samadi, wakanenepa. Halafu jioni moja wakanyanyuka wote, wakaruka, wakatua juu ya mgunga. Kuku akabaki chini akiwaita kwa hasira, shuka wewe, shuka, utaanguka! Luhende alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka toka siku ya chokaa.

Mnafikiri imeisha? Haijaisha. Mnamsahau Ndalahwa.

Ndalahwa alikuwa mtega ndege. Nyumba yake ilikuwa ukingoni mwa ngitili, na hapakuwa na mnyama mwenye miguu miwili aliyepita karibu naye akafika aendako. Alijua tanzi la kila shingo. Na kanga wa Luhende walikuwa hawana akili hata kidogo, maana walilelewa na kuku. Hawakumwogopa mtu. Walikwenda mpaka mlangoni kwa Ndalahwa, wakanywa maji kwenye chungu chake, wakamtazama usoni.

Ndalahwa akayakusanya matanzi yake yote, akayatundika darini. Hakuna aliyemwambia. Mkewe akampikia ugali na mlenda. Kesho yake ugali na mlenda. Keshokutwa mkewe akamwuliza, "Mume wangu, nyama inapita mlangoni inasalimia, sisi tunakula mlenda?" Ndalahwa akajibu, "Kula, unateleza wenyewe." Wakala mlenda msimu hadi msimu.

Kanga wakazaana. Wakasikiwa na kanga wa mbali, wakaja na hao. Wakachimba vumbi, wakajigaragaza, wakaangusha manyoya. Hondohondo hakurudi, nisiwadanganye. Migunga ile ni michanga, haina matundu bado, na huyo tunamsubiri. Lakini kanga walirudi.

Nkwimba akatoka na kikapu, mgongo wake umeshaanza kupinda, akaokota mwenyewe. Akashona. Manyoya yakatosha kofia moja. Moja tu, na siku ya mashindano na Bukangala ikawa imefika.

Uwanja ukajaa. Nkwimba akasimama na kofia mkononi, akasema, "Aliyewarudisha kanga aje mbele."

Wakaja wanne.

Holo akasema, "Bila mimi, wangerudi wapi? Kwenye bati? Nimevaa kiraka ili wao wapate pa kukaa. Shemeji yangu yupo pale, ananisubiri nichoke aingize plau. Najua magoti yangu hayaruki. Kuvaa si lazima kuruka. Nilimwona mume wangu nayo, nataka na mimi nijue inavyokaa kichwani. Nipeni kofia."

Masunga akasema, "Bila mimi, Mayu angekuwa na majani tu. Miti ni yangu. Wadudu ni wangu."

Mtu akapaza sauti, "Ni ya ng'ombe! Mvalishe dume lako!"

Watu wakacheka. Masunga akangoja wamalize. "Kupanda walipanda ng'ombe," akasema. "Lakini kuwazuia wasirudi kula walichopanda, nilizuia mimi, na jua lilinichoma mimi. Nipeni kofia."

Luhende akasema, "Bila mimi, mngekuwa na kitanda kizuri kisicho na mgeni. Mahali palikuwa tayari, miti ilikuwa tayari, na kanga hawakuja mpaka nilipowabeba." Kisha sauti ikambadilika. "Wenzangu wakikosa, watarudi nyumbani kama walivyokuja. Mimi nikikosa, kesho watoto wenu wataniwikia tena. Nataka niingie uwanja ule ule, na jasho linitoke, na madoa yasihame. Nipeni kofia."

Hapo nusu ya uwanja walikuwa wameshaamua, mimi nikiwemo. Ndipo Ndalahwa akakohoa.

"Mimi sikufanya kitu," akasema. "Mayu alifunga, Masunga alichunga, Luhende alibeba. Mimi nilikaa. Lakini nani kati yenu alikaa kama mimi? Nyama ilikunywa maji kwenye chungu changu! Walitaka kitu, wakakifanyia kazi. Mimi nilitaka kitu, kikaja mlangoni, nikakiacha kiende. Mkono uliwasha, nikaukalia. Bila mimi, sisi wanne tungekuwa watatu, na hakuna kanga hata wa kubishania. Nipeni kofia. Au semeni kwamba kutokufanya si kazi, nikayatoe matanzi yangu darini."

Mkewe akadakia, kwa sauti ndogo, "Na mlenda nilipika mimi," lakini hatumhesabu, maana alinung'unika kila siku. Au tumhesabu? Hapana, wanne wanatosha kunipasua kichwa.

Ng'ambo, ngoma ya Bukangala ikaanza kulia. Watazamaji wakageuza shingo. Wa pembeni wakaanza kusogea, kwanza mmoja mmoja, kisha makundi. Nkwimba akainua kofia juu, madoa meupe yakaonekana kila upande, wale waliokuwa wanaondoka wakasimama. Mbele yake vichwa vinne viliinama: kimoja cha kitambaa chenye kiraka, kimoja kilichoungua jua, kimoja kilichowahi kuchekwa, na kimoja cha mtu ambaye hakufanya kitu.

Mkono wa Nkwimba uko juu. Anawatazama nyinyi. Acheni karanga sasa, na atakayetaja jina aniambie pia wale watatu anawarudisha nyumbani na neno gani, kanga wasiondoke tena. Tuanze na wewe uliyekuwa unacheka kwa nguvu.

Je, nani alistahili?